Kuku wazima, banda lina salmonella: tuongee ukweli kuhusu kuchukua sampuli

#1 Mlezi wa Tetea

Wakuu, habari za mabandani.

Uzi huu ni mrefu, naomba uvumilivu wenu. Nataka kuandika mambo ambayo sisi wafugaji tunayajua lakini hatuyasemi mbele ya mteja.

Nafuga kuku wa mayai, mabanda mawili, tetea 2,300 kwa jumla, wote wako chini kwenye maranda. Mwaka jana mnunuzi wangu mkubwa alitaka cheti cha maabara kinachoonyesha kwamba mabanda hayana salmonella, bakteria wanaomharisha mtu akila yai lenye wao. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Utagaji ulikuwa juu, hawaharishi, vifo ni vile vya kawaida, kila kuku upanga wake mwekundu kichwani. Sampuli nikachukua mwenyewe. Nilichota kinyesi karibu na mlango, mahali nilipokuwa nimemwaga maranda mapya siku mbili kabla, nikafunga kwenye mfuko, nikapeleka. Majibu yakaja safi, nikabandika cheti ukutani.

Miezi mitano baadaye mnunuzi akatuma mkaguzi wake. Yule kijana alivaa soksi za sampuli juu ya viatu, akazunguka banda zima, akapita mbele ya viota vyote, akaingia kwenye kona ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeikanyaga tangu kundi liingie, kisha akapangusa vumbi juu ya boriti na kwenye feni. Banda la pili likatoka na Salmonella Enteritidis. Kuku ni walewale, na bado hakuna aliyekuwa anaumwa.

Kwanza nilikasirika. Nikasema amechafua sampuli kwa viatu vyake. Nikadai kipimo kirudiwe, kikarudiwa, jibu likawa lilelile. Usiku ule nilikaa nikajiuliza: mimi nilipochukua sampuli zangu nilikuwa natafuta nini? Nilikuwa natafuta cheti. Yule kijana alikuwa anatafuta bakteria. Na miezi yote ile mitano watu walikuwa wanakula mayai yangu huku nina karatasi ukutani inayosema yako salama. Hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Kwa wageni wa jambo hili: kuna aina zaidi ya 2,500 za salmonella, lakini kwa kuku wa mayai zinazosakwa zaidi ni mbili, Enteritidis na Typhimurium. Kuku mkubwa anazibeba tumboni bila dalili yoyote. Enteritidis ina ubaya wa ziada, inaweza kufika kwenye ovari na mrija wa mayai, kwa hiyo yai linaumbwa nayo ikiwa tayari ndani, kabla ganda halijakaa. Ukilifuta, ukilimulika kwa taa, huoni kitu.

Siku hizi nafanya hivi. Kila banda natumia jozi mbili za soksi za kitambaa, kila jozi inamaliza kama nusu ya banda. Kabla ya soksi navaa plastiki safi juu ya buti, ili dawa ya kuua vijidudu iliyobaki kwenye buti isiguse kitambaa. Ikigusa, bakteria wanakufa njiani na maabara wanabaki kuotesha sampuli mfu. Soksi nazilowesha kwa kimiminika walichonipa maabara wenyewe. Nakanyaga palipo pabaya: panapolowa chini ya vyombo vya maji, chini ya vichanja wanapolala, mbele ya viota. Nachukua na kitambaa cha vumbi. Vyote vinaingia kwenye kisanduku chenye barafu, vipoe bila kuganda, na vinafika maabara siku hiyohiyo au kesho yake.

Naomba wenye uzoefu mwongeze, hasa kwenye kusafisha banda baada ya kundi chafu. Hapo ndipo nilipo sasa. Mayai ya banda lile yalikwenda kiwandani yakapashwa moto mpaka kundi likatoka, banda limebaki tupu, na naogopa kuingiza kuku wapya.

#2 Kifaranga wa Juzi

Dada, hongera kwa ujasiri wa kuyaweka haya hadharani. Mimi bado najifunza, naomba niulize. Kwa nini msipime mayai yenyewe? Mteja anakula yai, hali vumbi la boriti. Nilikuwa nimepanga kupeleka trei moja, mayai 30, nimalize.

#3 Mlezi wa Tetea

Nami niliwaza hivyohivyo mkuu. Ila piga hesabu kidogo.

Hata kundi likiwa na Enteritidis, mayai mengi mno yanatoka safi, na kuku hatoi bakteria kila siku. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba yai 1 kati ya 1,000 ndilo lenye bakteria ndani. Ukipeleka mayai 30, nafasi ya kulipata lile moja ni kama asilimia 3. Maana yake mara 97 kati ya 100 utapewa karatasi safi kwa kundi chafu. Ukipeleka 1,000, nafasi inapanda kufika asilimia 63. Ukipeleka 4,000 ndiyo unagusa asilimia 98.

Sasa itazame kanuni ya mayai ya Marekani ya mwaka 2009. Wanaanza na mazingira ya banda. Banda likikutwa na Enteritidis na mfugaji bado anataka kuuza mayai mabichi, anapima mayai 1,000, mara nne, kila baada ya wiki mbili. Jumla 4,000. Mimi na wewe hatuna mayai 4,000 ya kuvunja. Vumbi na kinyesi vinakusanya habari za kuku wote banda zima kwa wiki nyingi, ndiyo maana tunaanzia huko.

#4 Kifaranga wa Juzi

Asilimia 3! Nilikuwa naenda kununua utulivu wa moyo tu. Asante sana.

#5 Mzee wa Vihori

Nimesoma. Nafuga tangu wengi wenu hamjazaliwa. Sijawahi kupima salmonella, na sijawahi kuambiwa mtu ameugua kwa mayai yangu. Yai likiiva bakteria amekufa, kila mtu anajua. Mpishi afanye kazi yake nami nifanye yangu. Vipimo hivi ninavyoviona vinawapa wenye mabanda makubwa njia ya kutufungia soko sisi wenye kuku mia nne.

#6 Maabara Ndogo

Mzee wangu, shikamoo. Nafanya kazi kwenye maabara ya mifugo, naomba nikujibu kwa heshima zote.

La kuiva ni kweli. Yai likifika nyuzijoto 71 katikati, salmonella haiponi. Lakini kabla ya kufika jikoni yai limeshikwa na mikono, limelala kwenye trei iliyotumika mara kumi, limevunjwa na uteute umedondoka mezani. Na kuna vyakula vinavyotengenezwa kwa yai bichi ambavyo havipiti motoni kabisa. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu. Mtu mzima mwenye nguvu ataharisha siku chache apone, mtoto mchanga anaweza kupata maambukizi ya damu.

La kutoambiwa ndilo linalonipa shida. Dalili huanza kati ya saa 6 na siku 3 au hata zaidi baada ya kula. Kufikia hapo mgonjwa ameshakula vitu kumi. Atamlaumu muuza nyama, atalaumu maji. Hawezi kukumbuka yai la juzi, achilia mbali kujua limetoka banda la nani. Ukimya wa wateja haujawahi kuwa kipimo, mzee.

Uingereza walipitia hili. Desemba 1988 naibu waziri wa afya alitamka kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi ina salmonella. Mauzo yakaporomoka ndani ya siku chache, naye akajiuzulu mwezi huohuo. Waliolia ni wafugaji wote, wenye mabanda machafu na wenye mabanda safi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na njia ya kumwonyesha mnunuzi kwamba lake ni safi. Mwaka 1998 ukaanzishwa mpango wa muhuri wa simba: chanjo dhidi ya Enteritidis, vipimo, usafi, tarehe kwenye kila yai. Mwaka 2017 mamlaka yao ya usalama wa chakula ikasema hata wajawazito, watoto na wazee wanaweza kula mayai yenye muhuri ule yakiwa mabichi au hayajaiva sana. Fikiria umbali kati ya kauli ya 1988 na hiyo ya 2017.

Kuhusu wadogo kubanwa, hapo sikupingi kabisa. Kanuni ya Marekani yenyewe haiwahusu wenye tetea chini ya 3,000. Ulaya nako wanaouzia majirani kiasi kidogo wana nafuu yao. Anayemdai mwenye kuku 400 vipimo vilevile vya mwenye kuku 40,000 hajatenda haki. Lakini bakteria naye hahesabu kuku.

#7 Mzee wa Vihori

Marahaba mwanangu. Hilo la mgonjwa kutokumbuka sikuwahi kulifikiria namna hiyo. Sasa niambie, mwenye kuku 400 na mfuko mwembamba, apime lini?

#8 Maabara Ndogo

Mpango kamili wa Ulaya kwa kuku wa mayai uko hivi: vifaranga wanapofika, kisha wiki mbili kabla ya kuanza kutaga, kisha kuanzia kama wiki ya 24 ya umri na kila baada ya wiki 15 wakiwa wanataga. Marekani wanapima wakiwa na wiki 14 hadi 16, kisha wiki 40 hadi 45, na tena baada ya kunyonyoka manyoya kwa kulazimishwa.

Kwa mfuko wako mzee, shika mbili: kabla hawajaanza kutaga, na tena katikati ya utagaji, wiki ya 40 hivi. Ile ya kwanza ni ya thamani kuliko zote, kwa kuwa ukikuta tatizo hujauza hata yai moja. Ukiweza ya tatu, siku vifaranga wanapofika usitupe karatasi za kwenye masanduku waliyosafiria. Zimejaa kinyesi cha kwanza cha kundi zima. Zilete pamoja na waliokufa njiani. Kama salmonella imetoka kwa mama zao au kwenye mashine ya kutotolea, itaonekana hapo, na utajua mapema kabla hujaanza kujilaumu.

Nieleze na kinachotokea sampuli ikifika, maana wafugaji wanakuja siku ya pili wakifoka kwamba majibu yanachelewa. Siku ya kwanza tunailoweka kwenye maji ya peptoni, yaani maji yenye virutubisho, karibu saa 18, nyuzijoto 37, ili bakteria dhaifu wapate nguvu. Kisha tunadondoshea kwenye chakula laini kama uji mzito, nyuzijoto 41.5, siku moja hadi mbili. Salmonella huogelea ndani ya uji ule na kutengeneza duara la ukungu. Tunachota ukingoni mwa duara, tunapaka kwenye sahani nyekundu ya kuoteshea bakteria, na kesho yake tunatazama kama kuna madoa yenye kitovu cheusi. Baada ya hapo ndiyo uthibitisho na kujua ni aina gani. Haraka yake ni siku nne, mara nyingi inafika wiki. Vipimo vya PCR, vinavyotafuta vinasaba vya bakteria, ni vya haraka zaidi, ila vikisema ndiyo bado tunaotesha ili tujue jina lake.

Hapo kwenye kuogelea kuna mtego ambao wafugaji hawaambiwi. Salmonella Pullorum, ile ya kuhara nyeupe kwa vifaranga, na Gallinarum ya homa ya matumbo ya kuku, hazina mikia ya kuogelea. Kwenye chakula kile hazisogei, tutazikosa. Hizo ni adui wa kuku zaidi kuliko wa binadamu, na zina njia yake: tone la damu ya kuku na tone la kemikali kwenye kigae, ikigandamana ni dalili, au kuotesha kutoka kwenye ini la aliyekufa. Kwa hiyo vifaranga wakifa kwa wingi wakiwa na kinyesi cheupe kimekauka nyuma, usituletee soksi za banda ukaridhika na jibu safi. Tuletee mizoga, na tuambie unashuku nini.

Na fomu jazeni. Kama kundi limepata chanjo hai ya salmonella, yaani yenye bakteria hai waliodhoofishwa, andika jina lake na tarehe. Bakteria wa chanjo wanaweza kuota kwenye sahani yangu nikadhani ni wale wa ugonjwa wenyewe. Tuna namna ya kuwatofautisha, ila lazima nijue nitafute.

#9 Kijana wa Zamu

Wakuu nisameheni kama swali ni baya. Hapa ninapofanya kazi tumezoea kuweka antibayotiki kwenye maji wiki moja kabla ya kupima. Majibu hutoka safi kila mara. Bosi anasema hiyo ndiyo tiba. Ni sawa?

#10 Daktari wa Kuku

Si sawa, na nakushukuru kwa kuuliza, maana wengi wanafanya na hawaulizi.

Dawa inapunguza bakteria kwenye kinyesi kwa muda. Haiwamalizi waliojificha kwenye utumbo kipofu, kwenye ini, kwenye ovari. Dawa ikiisha wanarudi, tena sasa tumbo halina wale bakteria wema waliokuwa wanawabana. Umepata jibu safi kwa wiki moja na kundi lililo hatarini zaidi kuliko mwanzo. Juu yake unafuga salmonella sugu, na siku ikimpata mtoto, daktari wa hospitali anakuta dawa aliyoitegemea haifanyi kazi. Ulaya ilipiga marufuku kutumia antibayotiki kama njia ya kudhibiti salmonella kwa kuku tangu kanuni ya mwaka 2006, isipokuwa kwa hali chache maalumu.

Kijana, najua wewe si mwenye banda. Ila siku ya kujaza fomu, pale panapoulizwa dawa zilizotumika, andika. Ukifanya hivyo tu umewalinda watu wengi.

Njia zinazosaidia kweli ni kuanza na vifaranga kutoka kwa wazazi waliopimwa, na chanjo kabla ya kutaga. Pia kuna kuwapa vifaranga bakteria wema wa tumboni mapema, jambo lililoonyeshwa na Nurmi na Rantala kule Finland mwaka 1973: kifaranga aliyepewa vijidudu vya tumbo la kuku mkubwa mwenye afya aliikataa salmonella. Kifaranga wa mashine hajawahi kukutana na mama yake, tumbo lake ni nyumba tupu, na wa kwanza kuingia ndiye anayetawala. Chanjo nayo msiichukulie kama ukuta. Inapunguza maambukizi na inapunguza mayai yenye bakteria, lakini banda lenye panya wengi linaizidi nguvu.

#11 Msafi wa Trei

Mimi kwangu kila yai linaoshwa. Ndoo ya maji ya bomba, kitambaa, linang'aa. Wateja wanapenda. Nadhani hapo niko salama?

#12 Daktari wa Kuku

Dada, acha hiyo ndoo leo. Yai linapotoka lina joto la mwili wa kuku, nyuzi 41 hivi. Ukiliingiza kwenye maji baridi, vilivyo ndani vinasinyaa na ganda linavuta maji kupitia maelfu ya vitundu vyake. Maji yenyewe yameshaosha mayai arobaini yenye kinyesi. Umechukua uchafu wa nje ukauingiza ndani, na umeondoa ule utando wa asili unaoziba vitundu.

Dunia imegawanyika hapa. Marekani mayai yanayopewa daraja la wizara ya kilimo lazima yaoshwe, lakini kwa mashine, maji yenye joto kuzidi yai kwa nyuzi 11 au zaidi, yanayobadilishwa mara kwa mara, kisha yanakaushwa na kuwekwa kwenye baridi mfululizo. Ulaya mayai ya daraja la kwanza hayaruhusiwi kuoshwa, kwa jumla, wanataka utando ubaki na mfugaji ahangaike na kiota. Kwa anayefuga bila mashine na bila chumba cha baridi, mimi nafuata hiyo ya pili. Okota mayai mara tatu au nne kwa siku, badilisha nyasi za viota, usiwaache walale kwenye viota usiku. Lenye doa dogo futa kwa kitambaa kikavu safi. Lililochafuka sana au lenye ufa lisiende kwa mteja.

#13 Msafi wa Trei

Nimeacha. Nimeumia kidogo kwa sababu nilidhani ndicho kitu ninachofanya vizuri kuliko vyote. Asante daktari.

#14 Fundi Banda

Nirudi kwa mwanzisha uzi kwenye suala la banda tupu. Nimesafisha mabanda ya watu kwa miaka mingi, nitaandika nilichoona kinafanya kazi.

Anza na panya, na uanze siku kuku wanatoka, kabla hujagusa maranda. Watu wanakosea hapa sana. Banda likishakuwa tupu bila chakula, panya wanahamia banda la jirani au stoo, unasafisha wiki mbili, unaingiza kuku, wanarudi nao na bakteria walewale. Watafiti walishapima kinyesi cha panya kutoka mabanda yenye Enteritidis wakakuta punje moja ina bakteria zaidi ya laki moja. Punje moja, ndani ya kihori. Kuku anaidonoa kama nafaka. Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu, liwe panya.

Pili, toa kila kitu kikiwa kikavu. Maranda, chakula kilichobaki, nyasi za viota. Fagia kutoka juu kwenda chini: boriti, nyaya za taa, mapanga ya feni. Usimwage maji juu ya vumbi, utatengeneza tope litakaloingia kwenye nyufa.

Kisha maji na sabuni yenye povu, iache ilowe nusu saa, sugua, suuza. Hatua ya sabuni ndiyo inayorukwa, wanakimbilia dawa. Dawa haipenyi mafuta na kinyesi. Klorini ndiyo dhaifu zaidi hapo, ikikuta uchafu inaishia kwenye uchafu. Baada ya kusuuza, banda likauke kabisa. Maji yaliyotuama sakafuni yanaipunguza dawa nguvu, ukadhani umepiga kipimo cha lebo kumbe umepiga nusu yake.

Dawa yenyewe, zile mchanganyiko wa glutaraldehaidi zinafanya kazi vizuri kwenye salmonella. Formalini ina nguvu kuliko zote nilizowahi kutumia, lakini mvuke wake unachoma macho na mapafu na inajulikana kusababisha saratani. Kama huna barakoa ya gesi, glavu na mtu aliyefunzwa, usiiguse. Sakafu ya udongo ni mtihani mgumu: kwangua tabaka la juu, toa, mwaga chokaa, na ukubali kwamba haitakuwa safi kama saruji.

Kisha kuna mabomba ya maji ambayo hakuna anayeyafikiria. Fungua moja, pitisha kidole ndani. Ule utelezi ni makazi. Vitamini na sukari tunazowawekea kwenye maji vinaulisha. Jaza haidrojeni peroksaidi ya kusafishia mabomba kwa kipimo chake banda likiwa tupu, iache, isukume yote itoke. Angalia pia wale mende weusi wadogo wa kwenye maranda, wanajificha kwenye nyufa za kuta na wanatoka kuku wapya wakiingia.

#15 Mfuga wa Pembeni

Fundi umesahau sinia ya dawa mlangoni. Hiyo ndiyo ulinzi namba moja.

#16 Fundi Banda

Sikuisahau ndugu, siiamini. Mtu anaingia na buti lenye tope, anakanyaga sinia sekunde mbili, anatoka na tope lilelile limelowa dawa juu tu. Na dawa imekaa pale tangu wiki iliyopita, imejaa maranda na jua limeipiga. Ninachoamini ni buti za banda zisizotoka nje ya banda. Weka benchi mlangoni, unakaa upande wa nje, unavua, unageuza miguu, unavaa za ndani upande wa pili. Kila banda na buti zake na ovaroli yake. Sinia iwepo kama unataka, ila ibadilishwe kila siku na buti liswakiwe kwanza.

#17 Mlezi wa Tetea

Wakuu, narudi baada ya wiki sita, niwape mrejesho.

Nilifuata ya Fundi kuanzia panya. Siku nne za mitego kabla ya kutoa maranda, nilitoa panya 31 kwenye banda ambalo ningekuapia lina wawili watatu. Nikasafisha, nikapiga dawa, nikasubiri likauke, nikapangusa sehemu kumi na mbili kwa swabu, vile vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli, kabla ya kuingiza kitu. Kumi na moja safi. Moja, ndani ya kasha la feni, ikaota.

Nilikaa chini nikalia, sitaficha. Wazo la kwanza lilikuwa kuichukulia ile moja kama bahati mbaya na kuendelea, kwa sababu kuku walikuwa wameshaagizwa. Kisha nikakumbuka mlango niliochotea kinyesi mwaka jana. Nikaomba kuku wasogezwe wiki tatu, nikafungua feni zote vipandevipande, nikasugua, nikapiga dawa upya, nikapima tena. Zote safi, pamoja na swabu tatu za kwenye feni ileile.

Kuku wapya wameingia wakiwa na wiki 16, wamechanjwa, na soksi za siku ya kuingia nimezituma. Nimemwonyesha mnunuzi majibu yote, pamoja na ile swabu moja chafu. Nilitegemea atanikimbia. Aliniambia ndiyo mara ya kwanza mfugaji kumletea karatasi yenye neno "imepatikana" bila yeye kuidai.

#18 Kijana wa Zamu

Nami nina mrejesho. Fomu ya juzi niliandika dawa tuliyotumia, jina na tarehe. Maabara wakampigia bosi, wakamwambia sampuli hiyo haifai, turudie muda wa dawa ukishapita. Alikasirika siku mbili. Jana ameniuliza chanjo inapigwa lini. Nimemtumia uzi huu.

#19 Mzee wa Vihori

Mwanangu wa maabara, nimefanya. Sikukanyaga mlangoni. Nilianza nyuma, chini ya kichanja cha zamani ambako maji huvuja, nikapita mbele ya viota vyote, nikamalizia na vumbi la juu ya kabati la chakula ambalo halijafutwa tangu nilijenge. Plastiki nilivaa kwanza kama dada alivyoelekeza. Kwenye fomu nimeandika kwamba hawajachanjwa na kwamba niliwapa dawa ya minyoo mwezi uliopita, sijui kama hiyo mnaihitaji, nimeiandika tu.

Sampuli imeondoka leo asubuhi ikiwa kwenye barafu. Mayai ya juma hili nimeyazuia stoo mpaka majibu yaje, na nitayaandika hapa yakiwa vyovyote yatakavyokuwa.

#20 Maabara Ndogo

Ya minyoo haiharibu kipimo, ila umefanya vizuri kuiandika. Nakusubiri mzee wangu.